Nchi Ambamo Mtangulizi Haanguki

Anayetaka kusikia na akae vizuri, maana habari hizi ni za nchi ambayo wachora ramani waliipita wakiwa na haraka. Jina lake ni Mwandamo. Kuifikia hakuna makuu: mtu hupanda, hushuka, huvuka maji, hulala, na asubuhi moja anajikuta ameshaingia. Makuu huanza baada ya hapo.

Zawena Mtengeti aliingia Mwandamo akiwa na umri wa miaka thelathini na minane. Alikuwa mwalimu wa watoto wa chekechea, na kazi hiyo ilikuwa imemwachia ugonjwa usio na dawa: hakuweza kumwona mtu akielekea kwenye shimo akanyamaza. Hata sokoni aliwaonya watu wazima asiowajua, huyu aangalie ganda la ndizi, yule aangalie baiskeli. Wengine walimshukuru na wengine walimwambia ashike njia yake. Ugonjwa huu ukumbukwe, kwa sababu nusura uiharibu safari yote.

Kilichompeleka huko kilikuwa baba yake. Katika ujana wake Mzee Mtengeti aliwabebea wapima ardhi minyororo yao ya kupimia, na wapima ardhi hao walipitia Mwandamo. Huko aliuona mti unaoitwa mng'aro. Mng'aro huchanua mara moja katika miaka kumi na moja, siku moja tu, saa sita kamili za mchana, na maua yake hufunguka kwa sauti. Kila ua hulia kama kiganja kinachopigwa juu ya kiganja, na kwa kuwa maua ni maelfu, mti mzima hupiga makofi. Mzee alilisimulia jambo hilo miaka arobaini bila kuongeza wala kupunguza neno, na watu wa mji wake walimsikiliza kwa heshima, hata kama hawakumwamini.

Heshima hiyo iliisha siku ya arusi moja. Bwana Ludoviko Sikazwe, mkaguzi wa shule mstaafu, mtu mwenye daftari mfukoni na maoni juu ya kila kitu, alisimama mbele ya wageni na chupa ya soda mkononi akamwomba “Mzee Makofi” awachangamshe. Ukumbi ukaangua kicheko. Tangu siku ile watoto wa mtaani wakawa wanapiga makofi kila mzee akipita, na wakubwa wakageuza nyuso wacheke pembeni. Mzee Mtengeti akaitundika fimbo yake kwenye msumari wa ukutani na hakutoka tena nje ya ua wake. Ilikuwa miaka minne sasa. Macho yalikuwa yameshakwenda, kifua kilikuwa kinakwenda, na daktari alikuwa amemvuta Zawena pembeni akasema naye kwa sauti ya chini. Mng'aro wa mwaka huu ukipita, ule mwingine ungechanua mzee akiwa kaburini, na angezikwa na jina la mwongo.

Kwa hiyo safari ya kwenda kuuona mng'aro ilipotangazwa, Zawena alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Usiku ule hakupata usingizi kwa furaha. Wa pili alikuwa Mama Chausiku, mpika maandazi, mwanamke mwenye mwili na kicheko kikubwa, ambaye alikuwa hajawahi kwenda mahali popote na alisema amechoka kuwaangalia wenzake wakiondoka. Wa tatu alikuwa Bwana Ludoviko mwenyewe. Hakuficha nia yake. Alitangaza mbele za watu kwamba anakwenda kusikiliza hicho kimya kwa masikio yake, arudi awaeleze.

Asubuhi ya kuondoka, Mzee Mtengeti alimshika mwanawe mkono.

“Ukifika pale chini ya mti, mwanangu, ulimi wako uuzuie. Mtu akitaka kukanyaga kitu, mwache akikanyage.”

Zawena alidhani ni ugonjwa unaosema. Akamfunika shuka vizuri, akaondoka.

Nchi ya Mwandamo ni msitu mtupu kutoka mpaka hadi mpaka, na hakuna mtu anayeruhusiwa kutembea ndani yake peke yake. Kila safari, hata ya kwenda kuchota maji, huongozwa na Mtangulizi. Wale wageni watatu waliunganishwa na raia thelathini waliokuwa wakienda kwenye mng'aro, wote wamevaa nguo za sikukuu, wote wanaongea kwa pamoja, na Zawena naye akajikuta anaongea pamoja nao. Mbele yao alisimama Mtangulizi Ngwaru, mtu mrefu mwenye tabasamu la kupendeza, aliyekuwa kazini mwaka wa kumi na saba. Shati lake lilikuwa jeupe, limepigwa pasi, na kifua chake kilikuwa kimejaa nishani. Kando yake alisimama Karani wa Mwendo, Bi Ridhaa, mwanamke mwembamba mwenye kitabu kikubwa kilichofungwa kwa kitambaa cha nta. Yeye ndiye aliyewasomea wageni sheria.

Sheria ya kwanza ilisema kwamba Mtangulizi hutembea akiwatazama anaowaongoza. Kuwapa watu mgongo ni kuwadharau, na Mtangulizi wa Mwandamo hawadharau watu wake. Kwa hiyo hutembea kinyumenyume, tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Sheria ya pili ilisema kwamba mambo ya mbele ni ya Mtangulizi peke yake. Msafiri akiona kitu mbele, kiwe gogo, kiwe shimo, kiwe chui, asikitaje, maana kukitaja ni kudai kwamba Mtangulizi hajakiona. Sheria ya tatu iliwataka wasafiri wampigie Mtangulizi makofi kila baada ya hatua kumi, kwa kuwa amezimaliza salama.

Bwana Ludoviko aliandika yote kwa mwandiko safi. Alikuwa amefurahi sana, maana maisha yake yote alipenda utaratibu na hakuwa amekutana na nchi iliyokuwa nao mwingi hivi. Hata hivyo, kwa ajili ya kumbukumbu, aliuliza kwa nini asiwekwe mtu mmoja nyuma ya Mtangulizi wa kumwangalizia njia. Bi Ridhaa akajibu kwa upole kwamba jambo hilo lilijaribiwa zamani. Aliwekwa Mtangulizi wa Mtangulizi, lakini naye alikuwa anamwongoza mtu, na kumpa mgongo mtu unayemwongoza ni dharau, kwa hiyo naye akageuka. Mwaka ule nchi ilipoteza watangulizi wawili katika bonde moja. Tangu hapo wazo hilo halikurudiwa.

“Na haya makofi yalianzaje?” Zawena aliuliza.

Swali hilo liliwafurahisha raia wote, na walishindana kulijibu. Zamani, walisema, mababu walipotea katika msitu huu wakiwa na njaa na kiu, na Mtangulizi wa Kwanza alikuwa mbele akitembea kama watu wengine, uso mbele. Mchana mmoja alisikia makofi. Akageuka aone ni nani wanaompongeza, na alipoona nyuso za watu wake zote zimemwelekea, alipendezwa mno akashindwa kugeuka tena. Akaendelea kinyumenyume, na siku ileile wakafika kwenye maji. Hivyo ikajulikana kwamba nchi inaongozwa kwa uso na makofi. Wasimulizi walisema hivyo machozi yakiwalengalenga, na Mama Chausiku naye akafuta macho kwa ncha ya khanga, ingawa hakujua sababu.

Safari ikaanza. Aliyewahi kuingia msitu wa namna ile kwa mara ya kwanza anajua jinsi mtu mzima anavyogeuka mtoto. Miti ilipanda hadi shingo zikauma. Mbega waliruka juu wakiacha matawi yanayumba, hondohondo alipita kwa mshindo wa mabawa, na kila mahali kulikuwa na harufu ya udongo uliokunywa mvua ukashiba. Zawena alitamani awe na macho sita. Kila hatua kumi makofi yalivuma, ndege wakatawanyika, Mtangulizi Ngwaru akainamisha kichwa kushukuru, na wakaendelea.

Hawakuwa wamekwenda mbali Zawena alipoona mstari mweusi ukikata njia nyuma ya visigino vya Mtangulizi. Ulikuwa siafu, mpana kama mkeka. Aliwatazama raia. Wote walikuwa wameuona, macho yao yalisema hivyo, na wote walikuwa wakitabasamu. Ugonjwa ukampanda.

“Siafu, baba, siafu nyuma yako!”

Msafara ukasimama. Mtangulizi pia akasimama, palepale katikati ya siafu, kwa kuwa hakuruhusiwa kujua kwamba wapo. Bi Ridhaa akakifungua kitabu na kesi ikasikilizwa. Ilidumu muda wa kutosha siafu kupanda hadi magotini. Zawena akaonekana na kosa, likaandikwa kosa la kwanza, na wakati huo Mtangulizi alikuwa ameanza kurusha miguu, kujikunja na kujipiga mapaja. Raia wakatangaza kwamba ni ngoma ya ufunguzi. Mama Chausiku, aliyependa ngoma, alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha.

Siku ya pili walifika kwenye kijito chenye mawe ya kuteleza. Zawena alikuwa ameapa atanyamaza, na kwa kweli alivumilia gogo moja na mitaro miwili, kila mara akimeza mate na kutazama pembeni. Lakini maji yalikuwa yanakwenda kasi na yule mtu alikuwa anarudi nyuma akitabasamu, na kabla hajajizuia alikuwa ameshatamka neno mto. Halikusaidia kitu. Mtangulizi Ngwaru alikanyaga jiwe, akapaa kidogo, akatua majini kwa kishindo.

Ndipo wageni walipoiona sheria ya nne, ambayo hawakuwa wamesomewa kwa sababu ni aibu kuisoma. Kila raia alifunga mdomo, akashusha mikono na kuinua uso kutazama vilele vya miti. Hapakusikika kofi wala kikohozi. Bi Ridhaa alikuwa akipekua kitabu chake kwa haraka, akitafuta neno. Maana katika Mwandamo Mtangulizi haanguki, na ili jambo hilo libaki kuwa kweli, kuanguka kwenyewe kumeondolewa katika lugha yao. Matunda huko hushuka. Mvua huteremka. Mtoto anayejifunza kutembea huketi mara nyingi. Mtangulizi akipatwa na jambo ambalo halina jina, watu wote hunyamaza mpaka Karani apate jina linalofaa, na kabla ya hapo tukio hilo halijatokea.

“Mtangulizi ameketi majini,” Bi Ridhaa akatangaza hatimaye, “kupima kina kwa ajili ya usalama wetu.”

Makofi yakalipuka. Mtangulizi akaibuka anachuruzika maji, nishani zikiwa na majani, akainamisha kichwa. Baada ya hapo Karani akamgeukia Zawena na kumwandikia kosa la pili. Alimweleza bila hasira kwamba la tatu halina faini. Atakayelitenda hurudishwa mpakani na walinzi wawili saa ileile, hata awe amebakiza hatua moja tu afike.

Zawena aliifungua khanga kiunoni akajifunga nayo mdomo. Bwana Ludoviko alimtazama kwa jicho la mtu anayeshinda mchezo bila kucheza. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba angesikitika sana kama mtoto wa Mzee Makofi angekosa kuusikia mti wa baba yake kwa ajili ya mdomo. Halafu akaandika kitu katika daftari. Zawena alitamani kumjibu, lakini khanga ilimsaidia.

Siku ya tatu, kama saa tano na nusu, msitu ulifunguka ghafla na mng'aro ukawa mbele yao.

Zawena alisahau kuvuta pumzi. Baba yake alikuwa amemwambia gome lake ni jeupe lenye madoa ya kahawia kama ngozi ya ndama, na lilikuwa hivyo hivyo. Alimwambia mizizi yake hutoka ardhini ikapinda kama mishikio ya vikapu, na ilikuwa imepinda. Alimwambia machipukizi yake yana ukubwa wa ngumi ya mtoto, na huwa yamefungwa kwa nguvu mpaka dakika ya mwisho, na Zawena aliyaona juu kule, maelfu kwa maelfu, mabichi, yameanza kuonyesha wekundu kwenye ncha. Hakuna kitu ambacho mzee alikitia chumvi. Machozi yakaja yenyewe. Alimkumbatia Mama Chausiku, na Mama Chausiku naye akamkumbatia na kumwinua kabisa kutoka chini.

Kisha makofi ya kufika yakaanza. Raia thelathini walijipanga mbele ya mti, Mtangulizi Ngwaru akasimama ameupa mgongo, na wakaanza kupiga kwa nguvu zao zote. Mmoja wao alimweleza Zawena kwa fahari, akipiga kelele sikioni mwake, kwamba makofi haya hayakatizwi mpaka jua lipite utosini, na kwamba imekuwa hivyo katika kila mwaka wa mng'aro tangu mababu. Zawena akailegeza khanga akamwuliza kama aliwahi kuyasikia maua yenyewe. Yule mtu akacheka. Maua hayana sauti, alisema. Mtu humaliza kupiga makofi, akainua macho, akakuta yameshafunguka.

Hapo akaelewa. Aliona kila kitu kwa mara moja, na aliona jinsi kinavyomponyoka. Wale watu walikuwa wakija hapa toka enzi na enzi na hakuna hata mmoja wa hawa aliyewahi kusikia. Bwana Ludoviko naye hangesikia. Angerudi mjini na daftari lake, aseme alikuwepo, alisimama chini ya mti, saa ilikuwa sita kamili na mti ulikuwa bubu, na hangekuwa amedanganya. Zawena alimkimbilia Bi Ridhaa, akaishusha khanga, akamwomba kimya cha dakika moja tu.

“Kimya kipo kwa ajili ya tukio moja,” alisema Karani, “na tukio hilo halitokei.”

Alisema hivyo bila dhihaka yoyote. Kisha akaendelea kupiga makofi huku kitabu kikiwa kwapani.

Mtangulizi Ngwaru alikuwa ameanza hotuba. Hakuna aliyeisikia, kwa ajili ya makofi, na hilo halikumsumbua. Alitabasamu, akanyoosha mikono, na kadiri watu walivyopiga ndivyo alivyorudi nyuma, hatua baada ya hatua, apate kuwaona wote. Nyuma yake, hatua saba hivi, mzizi mmoja ulikuwa umepinda juu ya ardhi kufikia kifundo cha mguu, na ng'ambo ya mzizi huo kulikuwa na majani makavu mengi kama godoro.

Zawena aliuona. Raia thelathini waliuona. Bwana Ludoviko aliuona pia, akauangalia, akamwangalia Zawena, na polepole akatabasamu, maana alimjua. Hatua sita. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Kwa miaka kumi na mitano neno hilo lilikuwa likitoka lenyewe bila kuombwa, na sasa lilimsukuma meno. Hatua nne. Alifikiria yule mtu alivyo na adabu, alivyoinamisha kichwa akiwa na siafu mapajani. Hatua tatu. Akaona mkono wa baba yake juu ya shuka, akajua yeye aliyasikiaje yale maua. Mtu akitaka kukanyaga kitu, mwache akikanyage. Akaisokota khanga mdomoni, akaiuma kwa magego, na ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya.

Kisigino cha Mtangulizi kikaingia chini ya mzizi. Miguu yake yote miwili ikaonekana hewani, ikapotea, na majani yakaruka.

Kimya kikashuka juu ya Mwandamo. Jozi thelathini za mikono zilitulia, nyuso thelathini zikainuka. Mama Chausiku, kwa mazoea, alikuwa ameinua viganja, na Zawena akamdaka vifundo vyote viwili vya mikono akavishika. Bi Ridhaa alifungua kitabu. Kulikuwa na neno la kuketi, na neno la kuinama kukagua udongo, lakini miguu hewani haikuwa na mfano wake popote, na ilimbidi arudi mwanzo wa kitabu. Alikuwa bado anapekua saa sita zilipotimia.

Likalia kofi moja, juu sana.

Likafuata la pili, upande mwingine. Kisha matatu, kisha kumi, kisha hayakuhesabika tena, kwa kuwa mti mzima ulianza, kutoka kileleni hadi matawi ya chini, na maua mekundu yakawa yanafunguka mbele ya macho yao, kila moja na kofi lake, kavu, safi, la furaha. Mbega walinyamaza. Harufu tamu iliwashukia hadi vichwani. Zawena alicheka na kulia na hakujua anachofanya, na rohoni alikuwa anamwambia baba yake, yanalia, baba, yanalia kama ulivyosema. Yalilia muda wa mtu kuhesabu taratibu hadi mia. Halafu yakapungua, likabaki moja lililochelewa, kisha basi.

Mtangulizi Ngwaru alikuwa bado chali kwenye majani. Ndiye pekee aliyekuwa ameutazama mti tangu mwanzo hadi mwisho bila kupepesa. Alijiinua kwa kiwiko, akaangalia mikono ya watu wake, mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa imening'inia.

Bi Ridhaa ndipo alipopata neno. Akakifunika kitabu nusu, akatoa sauti rasmi.

“Iandikwe kwamba Mtangulizi amelala kuupokea mti, na mti umempigia makofi.”

“Funga kitabu, Bi Ridhaa,” Mtangulizi alisema. “Nimeanguka. Mtu aliyeanguka hapigiwi makofi.”

Raia walishtuka kana kwamba ametukana, kwa kuwa wengi wao walikuwa hawajawahi kulisikia neno hilo likitoka kwenye kinywa cha mtu. Yeye aliendelea kuutazama mti. Baada ya kitambo akasema tena, polepole, kama anayejisemea.

“Na yule Mtangulizi wa Kwanza naye hakupigiwa na watu. Alipita karibu na hapa.”

Zawena alimwendea akamtoa majani mabegani, na aibu ilikuwa imemshika, maana alimwacha mtu aanguke akiwa anaona. Alijaribu kumwomba radhi.

“Uliuona ule mzizi?” Ngwaru alimwuliza.

“Niliuona, baba. Nisamehe.”

“Wote waliuona,” alisema bila uchungu. “Miaka kumi na saba wote wanaona. Wewe ndiye uliyenionya mara mbili.”

Akasimama, akajipangusa, akageuka. Akaanza kutembea kurudi kama wanavyotembea watu wa nchi nyingine, na raia wakauona mgongo wa Mtangulizi kwa mara ya kwanza. Nyuma ya lile shati jeupe hapakuwa na shati, palikuwa na vipande vilivyofungwafungwa kwa uzi, na katikati ya vipande ngozi yake ilikuwa imejaa makovu ya miiba na matawi, mapya juu ya ya zamani. Hakuna aliyepiga makofi. Mwanamke mmoja mzee alivua shuka lake la sikukuu, akamkimbilia, akamfunika mabega. Ikawa safari fupi kuliko zote katika kumbukumbu za nchi ile, kwa sababu kila gogo walilizunguka.

Mambo yaliyotokea Mwandamo baadaye yanajulikana kwa sehemu tu. Iliundwa tume. Bi Ridhaa ndiye katibu wake, na inasemekana mpaka leo haijatoa taarifa, kwa kuwa wajumbe hawajakubaliana kama mwenyekiti akae akiwatazama wao au akiitazama mada. Lakini wasafiri wanaotoka huko wanasema kuna watangulizi wawili watatu, vijana, wanaotembea uso mbele wakidhani hawaonekani, na watu wao huwaambia kuna shimo.

Bwana Ludoviko hakusema neno njia nzima. Mama Chausiku alisema kwa niaba ya wote, alimsimulia kila waliyekutana naye, na mpaka wanafika mjini alikuwa ameukuza mti ukafika mawinguni. Zawena alimwacha afaidi. Yeye alikwenda moja kwa moja nyumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwekea baba yake mkononi ua moja la mng'aro lililokauka. Mzee alilinusa, akalishika muda mrefu, akatabasamu. Hakuuliza kitu. Alikuwa hajawahi kuwa na shaka.

Jioni hiyo hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Bwana Ludoviko, kofia mkononi, bila daftari. Majirani walikuwa wameshajaa uani, maana walimwona akija, na kila mtu alitaka kusikia mkaguzi amesikia nini. Alikaribishwa kiti karibu na kitanda, akaketi.

“Karibu, Ludoviko,” alisema mzee. “Nasikia ulikuwepo. Haya, waambie watu. Mti unalia vipi?”

Bwana Ludoviko alikohoa. Aliinua mikono yake awaonyeshe, viganja vikakaribiana, na ua mzima ukangoja. Mikono ilisimama hivyo hewani. Kisha akaishusha polepole akaiweka juu ya mapaja, akainamisha kichwa, na hakusema kitu. Ua wote nao ukanyamaza, hata watoto waliokuwa wamepanda ukutani.

Mzee Mtengeti alikisikiliza kimya kile mpaka kikamtosha.

“Basi kweli ulifika,” alisema. Halafu akanyoosha mkono kuelekea ukutani, akamwomba Zawena amtolee fimbo yake kwenye msumari.